Siri Niliyoipeleka Kuombewa

Jumapili, 6 Oktoba

Jumapili ya kwanza ya mwezi, tumebadilishana vikaratasi vya rozari. Sisi wa kikundi cha Waridi tuko wanawake ishirini, kila mmoja anasali tendo lake moja nyumbani kwake, na kila siku rozari nzima inatimia bila mtu kuchoka. Mpango wa Mungu — au wa wavivu. Nimevuta tendo la tano la furaha: Maria anamkuta Yesu hekaluni. Wiesia, kiongozi wetu, kavuta kusulubiwa, akanuna. Nikamwambia asimlaumu mtu, vikaratasi kavikunja mwenyewe.

Kabichi zimekomaa. Keshokutwa tunachachusha, mwaka huu kwangu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Binti yangu Kinga kapiga simu saa nne asubuhi, saa ya kazi. Nikajua kuna jambo. Amemwacha mumewe, Radek! Alitoka Ijumaa na mtoto wao Tosia na begi moja. Anampiga. Si mara moja — tangu Tosia hajazaliwa. Miaka mitano binti yangu anapigwa, na kila mwaka huyu mkwe ananikatia kuni za baridi, nami namsifu kijiji kizima. Dhahabu, nasema. Nimepata mkwe wa dhahabu.

Yuko Sanok, kwa rafiki wa kazini, chumba cha juu ya duka la fundi viatu, karibu na kituo cha mabasi. Akaniapisha. Mama, usimwambie mtu. Hata Wiesia. Hasa Wiesia! Nikaapa kwa kaburi la baba yake.

Nimesali tendo langu mara tatu. Halafu nikaosha madirisha yaliyokuwa safi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimesema. Ee Mungu wangu, nimesema.

Tulikuwa wawili jikoni, Wiesia anakata kabichi, mimi nashindilia na chumvi kwenye pipa. Akanitazama weee. "Bronka, unashindilia kabichi au unagombana nayo?" Nikasingizia mgongo. "Mgongo hautoi machozi. Mficha uchi hazai, shoga yangu."

Nikasema kuna mtu wa kuombewa. Mwanamke fulani tu. Akasema Mungu haombwi kwa mafumbo. Nikamtajia. Jina, mji, mpaka fundi viatu. Yote, hata kiapo! Miaka thelathini na moja tunajuana, na yeye ndiye aliyemfumba macho marehemu mume wangu Edek siku ile mimi sikuweza. Akanishika kwa mikono iliyojaa chumvi, akalia kuliko mimi. Akaapa jambo hili litabaki kati yetu na Mungu.

Kusema kweli nilipata nafuu. Nimekula, mara ya kwanza tangu jana.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwandiko wa leo sijui kama nitausoma.

Novena ya jioni, sala za kila Jumatano kabla ya misa. Watu hutumbukiza maombi yao kwenye kisanduku kando ya Mtakatifu Antoni, bila majina, na padre huyasoma kwenye kipaza sauti. Padre Gracjan kaja Agosti, bado hajui nani ni shangazi wa nani. Akasoma. Mtihani wa udereva wa mtu. Goti la mtu. Ng'ombe. Halafu: tumwombee K., aliyemkimbia mume mkatili na kujificha Sanok, juu ya fundi viatu, pamoja na mtoto wake mdogo.

Kanisa zima likaitikia, utuombee.

Benchi la tatu alikaa Bi Kazimiera, mama yake Radek. Hakuitikia. Aligeuka polepole, akanitazama, akachukua mkoba wake akatoka. Misa haijaanza.

Wiesia alikuwa ubavuni mwangu, macho kafumba, uso umetulia kabisa, uso wa mtu aliyetenda jema. Kikulacho ki nguoni mwako! Nilisikia mara elfu, leo nimekiona kimevaa kitambaa cha maua na kushika kitabu cha nyimbo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeishika simu mara sita, nimeiweka mara sita. Nikimpigia Kinga itabidi niseme nani kasema. Nimeamua: namwachia Mungu. Tunafundishwa kila siku, mtwike Bwana mzigo wako. Basi nimemtwika. Nimewasha mshumaa mbele ya picha ya Mama wa Mungu.

Labda Kazimiera hakusikia vizuri. Ana sikio bovu.

Ni la kushoto. Spika iko kulia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Radek alifika Sanok jana. Na maua, na dubu wa kuchezea wa Tosia. Kinga hakufungua. Akagonga kwa adabu, halafu kwa ngumi, halafu kwa bega mpaka bawaba ikang'oka. Tosia chini ya meza! Fundi viatu akapanda na nyundo yake, mzee wa miaka sabini, akasimama kwenye ngazi mpaka polisi walipofika. Mungu aibariki mikono yake. Jina lake hata silijui.

Kinga kapiga saa mbili asubuhi. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Ulimwambia nani, mama? Nikasema Wiesia tu, na ni kwa kuombewa tu. Nikamweleza ya kanisani. Lini? Jumatano. Leo ni Jumamosi, mama. Nikasema nilimwachia Mungu.

"Namba yangu ulikuwa nayo wewe, mama."

Akakata. Anahama leo hii. Wapi, hakusema.

Jumapili, 13 Oktoba

Jana sikusali tendo langu. Leo pia sisali. Kwa makusudi! Waridi lina pengo, tuko kumi na tisa, na hakuna anayejua ila Yeye. Ajue. Nilimweka mwanangu mikononi mwake, akampitisha kwenye kipaza sauti. Jirani akinifanyia hivyo simwazimi hata chumvi.

Misani nilikwenda. Watu wangesema.

Wiesia kanifuata mpaka langoni. Sikumfungulia. Tukagombana juu ya ua, na majirani wote ghafla wana majani ya kufagia.

"Niliandika K. tu! Jina sikuandika!"

"K., na Sanok, na fundi viatu! Si ungewachorea na ramani kabisa?"

"Nilitaka Mama wa Mungu ajue pa kwenda, Bronka."

"Kwani Mama wa Mungu anaulizia njia?"

Akaanza kulia. Novena hiyo ndiyo iliyomponya mjukuu wake mapafu, haijawahi kumwangusha, na kwa Kinga alitaka kilicho bora. Alimbeba ubatizoni, jamani, au nimesahau? Sijasahau. Ndiyo maana inauma. Angekuwa adui ningejilinda.

Halafu akafuta pua, akanichoma. "Mimi niliapa kwako, nimevunja, sawa. Na wewe? Wewe uliapa kwa nani?"

Nikaingia ndani. Kaniachia chupa ya kabichi juu ya nguzo ya lango. Kabichi yangu mwenyewe!

Jumanne, 15 Oktoba

Padre Gracjan kaja. Kijana mno, masikio mekundu. Alisema husoma karatasi sitini kila Jumatano, ile hakuipitia kwanza, kosa ni lake. Akaomba msamaha, kofia mkononi. Hilo sikulitarajia. Halafu akaharibu: nisipoteze tumaini, Mungu hamtupi mja wake.

Nikamwambia, padre, tumaini ndilo lililonikalisha siku tatu kando ya simu.

Akafikiri. "Labda halikuwa tumaini, mama. Labda ilikuwa aibu."

Nilimfungia kipande cha keki ya tufaha ili aondoke upesi. Bado nina hasira naye. Mtoto wa jana! Na hasira haiishi kwa sababu kasema kweli. Sikumwamini Mungu hata kidogo ile Alhamisi. Nilimtanguliza mbele yangu ili nisionekane.

Lakini Yeye je? Mimi niliogopa simu, sawa. Yeye aliogopa nini? Si angeweza kulififisha lile sikio la kulia nalo, kwa dakika moja tu?

Jumatano, 16 Oktoba

Novena sikwenda. Kumi na tisa.

Kinga hajapiga.

Ijumaa, 18 Oktoba

Radek alikuja.

Nilisikia shoka uani kabla sijamwona. Alikata kuni saa nzima, kama kila mwaka, akazipanga ukutani, akanawa mikono, akaingia akakaa mahali pake. Mahali pake! Nikamwekea chai. Mkono umezoea, kabla kichwa hakijakataza.

"Mama, nimekwenda kuungama. Nimeondolewa dhambi. Mungu kanisamehe, sasa Kinga ni nani asinisamehe?"

Machozi yalikuwa ya kweli, niliyaona yakidondoka. Na mimi, mjinga, moyo ukayumba. Nikafikiri labda, pengine, mtu hubadilika.

"Niambie tu yuko wapi, nimwombe radhi."

"Sijui."

"Mama siku zote anajua." Akatabasamu. Na kidole chake kilikuwa kinapigapiga jalada la daftari hili, nilikuwa nimeliacha kando ya mkate. Sanok imo humu, fundi viatu yumo, kituo cha mabasi kimo. Kama Kinga angeniambia na pa pili, pangekuwamo pia, kwa mkono wangu, sentimita mbili chini ya kidole cha Radek.

"Sijui, Radek. Kweli sijui."

Akaipiga meza. Si kwa nguvu sana. Glasi ikapinduka, chai ikamwagika, na mimi nilijikuta nimekinga uso kwa mikono miwili. Mimi! Kwenye meza yangu, nyumba aliyoijenga Edek. Hakunigusa. Mwili ulijua wenyewe. Basi ndivyo alivyoishi mwanangu miaka mitano, nami namsifia mumewe.

Akaona. Akasema samahani, mama, kwa sauti ileile nzuri ya siku zote. Akaondoka.

Kuni zimepangwa vizuri mno. Sizichomi.

Baadaye, nikifuta chai, nikamwambia Mungu neno la kwanza tangu Jumamosi. Haikuwa sala. Nilisema: asante kwa kutonijulisha. Basi.

Jumapili, 20 Oktoba

Kapiga! Saa tisa alasiri, namba imefichwa. Tosia mzima, kamnyoa mdoli kipara. Nikamwomba Kinga msamaha bila kutia "lakini". Zilikuwapo tatu, nikazimeza zote. Nikamwambia na habari ya Radek na meza. Halafu akasema sawa, mama. Hajasema kanisamehe. Kasema sawa.

Sikuuliza yuko wapi. Mpaka yeye akashangaa. "Hutauliza?" Sitauliza, mwanangu.

"Najua inakuuma. Lakini safari hii nimemwambia Mungu peke yake. Yeye angalau hajawahi kwenda kumwambia mtu."

Akacheka, kidogo tu. Na mimi nikacheka kwa sauti mpaka nikalia. Mungu wangu, kumbe ndivyo! Siku zote hizi namshitaki kwamba hakusema kitu, hakuonya, hakuzuia. Na mwanangu anamtegemea kwa hilohilo, kwamba hasemi. Silielewi bado. Mlango ule ulivunjwa huku Yeye yupo. Lakini leo wao wawili wana siri, na mimi niko nje yake, na ni haki yangu kuwa nje.

Ila kuna kitu. Nyuma ya sauti yake nilisikia mlio mmoja, sekunde mbili, kabla hajakata. Nikaujua mji. Hakuna mji mwingine wenye mlio ule.

Siandiki. Hata hapa.

Nikachukua rozari. Tendo la tano. Maria alitafuta siku tatu, mimi leo ya nane. Bado nina hasira, nikamwambia hivyo waziwazi, nikaendelea. Leo tumetimia ishirini. Nilikuwa Salamu Maria ya sita lango likalia.

Wiesia. Kanisikia nikicheka kutoka kwake ng'ambo ya ua. Kaja na kitambaa kichwani, kakaa kwenye benchi chini ya dirisha, anasemea mlangoni.

"Kapiga, siyo? Mzima? Mtoto mzima?"

Nikasema wazima. Nikamsikia anamshukuru Mungu, na analia kweli, namjua akilia kweli. Halafu:

"Bronka, mji tu. Neno moja. Siandiki popote, mkono wangu ukatike! Nijue tu naombea wapi."

Nikasema ombea tu, Yeye anajua wapi.

Halafu, taratibu: "Na wewe? Wewe unajua?"

Sijajibu. Nimeketi mezani naandika haya, na mvua imeanza, na bado yuko kwenye benchi. Neno liko mdomoni. Miaka thelathini na moja sijawahi kukaa na neno bila kumpa nusu. Nimetoa vikombe viwili. Kimoja nimekirudisha. Nimekitoa tena.

Anagonga.