Baba na Jiwe la Tembo

Shoga, Jiwe la Tembo halipo. Lile lile tulilopigia picha siku ya ziara ya shule. Wamelipasua lote, limekuwa kokoto.

Na nilikuwa na Baba. Tangu macho yake yapoteze nuru ameomba kitu kimoja tu, aliguse tena, maana ndipo alipomchumbia marehemu Mama.

Akauliza, "Tumefika?" Nikasema tumefika. Halipo, shoga, nami nikasema tumefika! Nikamwekea mkono kwenye bonge moja lililobaki.

Akacheka. "Huyu tembo kakonda. Mama yako angemsema."

Mara dereva wa lori akapaza sauti, "Mzee, sogea, tunapakia!"

Baba hakuutoa mkono. Akaniuliza polepole, "Wanapakia nini, mwanangu?"

Bado anasubiri nimjibu.