Nilichoandika Kwenye Fomu ya Bapurao

Mdogo wangu Sakharam,

Huku tu wazima, na mbuzi wako kazaa mapacha. Mimi nimekosa kiti changu cha baraza la kijiji.

Usikunje uso. Bapurao, mkuu wa kijiji, aliniita nijaze fomu ya uchaguzi. Akanipa chai kwa kikombe cha nyumbani kwake, wakati baba yetu alimiminiwa kwenye kifuu, tena nje! "Mzee Dhondiba," akanibembeleza, "kiti hiki sheria imewatengea Wahindu tu wa tabaka lenu la wasioguswa. Najua mmeingia dini ya Budha. Wewe andika Mhindu tu, Budha wako mweke moyoni."

"Bwana mkubwa, miaka sitini mlinifukuza hekaluni kwa mawe. Leo ndiyo mmenikumbuka?"

"Sasa ukikosa kiti, nani atawadaia ruhusa ya kuteka maji kisima cha kijiji, nanyi mmekatazwa?"

Nikamaliza chai, nikaomba nyingine, kisha nikaandika MBUDHA kwa herufi kubwa kama vichwa vya ng'ombe, zikafunika mpaka tarehe.

Kikao cha baraza ni Jumatatu. Nitaketi kizingitini, na kila wakitaja kisima nitakohoa mpaka waniulize nataka nini.

Mimi kaka yako, mzima na mkaidi,
Dhondiba