Ikisiri Niliyomsomea Mama

Jumatatu, 4 Machi

Ushindi! Baada ya majuma matatu ya hotuba zangu pale ngazini, maktaba ya chuo imekatisha usajili wa lile jarida kubwa la tiba. Maarifa yanayofungiwa nyuma ya bei si maarifa — ni bidhaa! Wenzangu walinibeba juujuu.

Jioni Mama alilalamika: tangu dozi iongezwe, moyo unamwenda mbio. Anameza vidonge vya homoni tangu alipotolewa tezi ya shingo kwa ajili ya goita, mwaka wa sita huu. Nikafungua jarida lilelile mtandaoni. Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa makala, husomwa bure. Wazee waliopungukiwa homoni hiyo, dawa haikuwapa nafuu yoyote. Nikamsomea kwa sauti ya jukwaani. Nikamwamuru aache. Akacheka: afadhali nilizaa msomi, nilishachoka kumeza vijiwe.

Jumanne, 23 Aprili

Mama analala mchana kutwa. Uso umevimba, sauti imekuwa nzito, anajifunika blanketi juani. Leo alitoka jikoni hadi mlangoni, akakaa chini kuvuta pumzi. Dada anasema ni uzee tu. Nami nina hotuba ya kuandaa. Tutaona kesho.

Alhamisi, 25 Aprili

Amelazwa. Mapigo thelathini na nane kwa dakika! Maji yamejaa katika mfuko unaouzunguka moyo. Daktari akauliza ni nani aliyemwachisha dawa. Mama, bila kunitazama: nilisahau tu, daktari, kichwa hiki kimezeeka. Dada akamfokea — mgonjwa! — kwamba mkaidi kama yeye hajapata kuonekana. Kisha akanigeukia: na wewe Kipaza Sauti, leo betri zimekwisha?

Zimekwisha. Mimi niliyemkabili mkuu wa chuo mbele ya umati, nimeshindwa kumkabili daktari wa zamu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkutubi alinitolea toleo lile la karatasi, lililokuja kabla hatujaukata usajili. Ukurasa wa nane, herufi ndogo: waliotolewa tezi hawakuhusishwa katika utafiti. Bila shaka! Mwili wao hautengenezi homoni hata chembe; dawa ndiyo tezi yao. Sentensi moja. Sikuisoma — na nilipigana kwa nguvu zote ili mwingine asiisome.

Nitamwambia nani?

Jumamosi, 27 Aprili

Muuguzi alileta kidonge na kikombe cha maji. Mama akafumba mdomo. Bibi, kimoja tu, jamani, nitafukuzwa kazi kwa ajili yako! Mama akatabasamu kidogo, kisha akanitazama mimi, akauliza taratibu, kama anayechelea kunivunjia heshima: mwanangu, kile kitabu chako kimeruhusu?

Nikasema naenda msalani.

Naandika hapa koridoni, mgongo ukutani. Daktari amenipita sasa hivi akiingia na faili. Namsikia dada: kitabu gani, Mama? Kitabu gani? Namsikia muuguzi akibembeleza. Mama bado hajameza. Anasema atamsubiri msomi wake —