Mashine Mpya Haisemi Nami

Jumatano, mwezi wa tano, 1997.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua yetu ya baridi inayoingia mpaka ndani ya viatu. Naandika kwa mashine yangu ya breli, mezani nyumbani. Nimekosea nukta mara nne katika mistari hii michache.

Leo nimeogopa kuliko siku niliyopelekwa shule ya vipofu nikiwa na miaka saba.

Nianze na Jumatatu. Mimi ndiye ninayeandika programu za kompyuta katika kiwanda chetu cha chai. Programu yangu kubwa ni ile inayopanga lori: lori gani iende kituo gani kuchukua majani, na saa ngapi. Miaka mitatu nimeifanya kazi hiyo kwa ile kompyuta ya zamani, aina ya 386, yenye kisanduku cha sauti pembeni. Kisanduku hicho kinasoma maandishi ya skrini kwa sauti ya puani, kama mtu mwenye mafua. Watu wa ofisini wanakicheka. Mimi bila hicho sina macho.

Jumatatu fundi kutoka Nakuru, kijana anaitwa Kamau, akaleta mashine mpya. Akaichomeka, akaunganisha kisanduku changu, na sote tukangoja.

Kimya.

Kamau akajaribu karibu saa nzima. Mwishowe akaniinamia akasema polepole, "Boss, hii mpya inachora kila kitu kama picha. Hata herufi ni picha. Kisanduku chako hakijui kusoma picha."

"Hakuna programu nyingine ya kuongea?"

"Nasikia iko ng'ambo. Hapa kwetu sijaiona."

Nikamshika mkono. Nikamwomba asimwambie meneja. Nilimwambia programu yangu naijua kwa kichwa, kila swali na kila kibonyezo, nitaiendesha bila kusikia. Akasema sawa.

Bwana Korir, meneja wetu, alipoingia akauliza, "Haya, Kiprono, utaweza?"

"Nitaweza, Bwana Korir."

Nilisema haraka sana. Mtu kama mimi akipata kazi, anaishika kwa meno. Nilijua kuna wengi wenye macho wanaoweza kukaa kwenye kiti hicho.

Na sitadanganya, kuna kitu kilinifurahisha. Kwenye ile ya zamani, nikibadilisha programu, ninaenda kunywa kikombe kizima cha chai kabla haijamaliza kuitengeneza upya. Kwenye hii nilisikia diski ikikwaruza mara moja tu. Chebet, karani tunayekaa naye ofisini, akasema, "Imemaliza." Sikuamini. Nilimwuliza mara mbili.

Kamau akaondoka na ile ya zamani kwenye pikapu mpaka Kericho, iuzwe. Nilisikia mlango wa pikapu ukifungwa.

Jana nikatengeneza orodha ya lori za leo. Kituo chetu cha juu, kule mama yangu anakouza majani, kilihitaji lori kubwa zaidi. Nikabadilisha. Programu ikauliza kama nakubali, nikabonyeza N, ya ndiyo. Halafu nikabonyeza N tena, kwa mazoea ya kuhakikisha.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilipoandika programu hiyo nilitaka itulie kidogo baada ya kila jibu, ili kisanduku kimalize kusoma. Nikaiambia ihesabu namba nyingi tu, za kupoteza muda. Ilikuwa njia ya mkato na nilijua ni ya mkato. Mashine ya zamani ilikuwa ikihesabu mpaka unaweza kukohoa, na ikihesabu haisikii kitu, kwa hiyo N yangu ya pili haikuisikia kamwe. Hii mpya inamaliza kuhesabu kabla kidole changu hakijainuka. Ikasikia N ya pili. Na swali lililofuata lilikuwa: kituo hiki kiondolewe kwenye orodha?

Ndiyo, nikaiambia. Bila kujua.

Leo saa nane mchana nilisikia viatu vya mpira mlangoni, na harufu ya moshi na koti lililolowa. Mama. Hajawahi kuja ofisini kwangu hata siku moja.

"Weri," akaniita, yaani kijana kwa lugha yetu, kama alivyoniita nikiwa mtoto, "lori imetusahau. Tuko pale tangu asubuhi. Majani yameanza kupata moto ndani ya magunia. Mama Chepng'eno wa jirani analia."

Nikapapasa meza kutafuta orodha.

Chebet alikuwa ameshachukua orodha. Nilisikia karatasi ikigeuzwa, halafu ikigeuzwa tena. Akamwambia mama lori itatumwa sasa hivi, akatoka mbio kumwita dereva. Aliporudi, mama alikuwa ameenda. Akasogeza kiti karibu nami.

"Kituo hakimo kwa orodha. Kiprono, tutasema ni mashine. Ni mpya, nani atajua? Kamau ataitwa."

Nilitaka kukubali. Naandika hivi ili nisijidanganye baadaye: nilitaka sana. Nilikaa na hilo jibu mdomoni mpaka lori iliporudi jioni. Kisha nikafikiria Kamau akiulizwa mambo ya kibonyezo ambacho hakukigusa, na bado anaitunza siri yangu.

Nikainuka, nikafuata ukuta mpaka kwa Bwana Korir. Nikamwambia yote. Kisanduku, ile N, njia ya mkato.

"Kwa nini hukusema Jumatatu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kurudishwa nyumbani."

Nilihesabu matone yaliyoanguka kwenye bati. Mwishowe nikasikia akinyanyua simu.

"Hiyo kompyuta yetu ya zamani, mmeiuza? ... Basi msiiuze. Irudishwe kesho."

Akaweka simu. "Nusu ya yale majani yamekataliwa, Kiprono. Watu wamemwaga chai yao kwa barabara. Hilo ni lako, utalibeba." Sauti yake haikuwa kali, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. "Utatumia ya zamani mpaka Desemba. Baada ya hapo makao makuu hawatatuma kitu ambacho hiyo mashine inaweza kufungua. Tafuta njia. Mimi sijui njia. Lakini usinidanganye tena."

Miezi saba. Sijui kama programu hiyo ya ng'ambo ipo kweli. Sijui kama kuna mtu wa kunifundisha. Kila nikifikiria Desemba nasikia ule ukimya wa Jumatatu.

Nilipofika nyumbani nilienda moja kwa moja jikoni kwa mama. Nikamweleza kwa Kikipsigis, polepole, kwa sababu mambo haya hayana maneno kwetu. Alikuwa anakoroga maziwa. Akaacha kukoroga.

"Kwa hivyo sisi tulikuwa ndani ya hiyo mashine, na wewe ukatutoa?"

"Ndiyo, mama."

Akasukuma kuni motoni.

"Basi kesho uturudishe kwanza. Hayo mengine ya Desemba utaogopa baadaye."

Akanipa kikombe, akakiweka vizuri mkononi mwangu, akaendelea na kazi yake.

Bado naogopa. Lakini asubuhi, kabla orodha haijatoka, nitakirudisha kituo chao, kisha nitamwomba Chebet anisomee kila kituo, jina kwa jina, kwa sauti, ofisi nzima ikisikia. Nitaona aibu. Hata hivyo nitamwomba.