Kwa Nini Nilienda Ureno Badala ya Kuja Nyumbani

Columbus, Ohio
Mapema Desemba

Dada yangu Mghoi,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na ninaomba barua hii ikukute umeamka vizuri, wewe na shemeji na watoto. Goti lako je? Ulisema baridi ya Wundanyi imelifanya likatae ngazi za kanisa. Usishindane nalo. Keti nyuma karibu na mlango, Mungu anakuona hata huko.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na ukinikatiza nitalia, na nikilia hutasikia kitu. Mwenzetu mmoja wa kanisani anakuja Voi wiki ijayo, atakuletea mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako kwanza.

Baada ya kuona ile picha yangu nikiwa na mwavuli kando ya mto, uliniandikia maneno machache tu: "Kumbe Ulaya ni karibu kuliko kwenu." Nimeyasoma maneno hayo hata nikiwa kazini. Una haki ya kukasirika. Nilikuwa nimesema ninakuja Desemba, mkapaka rangi chumba cha mbele, halafu nikachukua likizo yangu nikaenda kutembea Ureno, nchi ambayo sina hata jamaa mmoja. Sasa nikueleze.

Habari yenyewe inaanzia kwa marehemu Mwamburi. Wewe ulikuwa kwenye maziko. Ulimsikia binamu yake Mwadime, yule wa Louisville aliyesindikiza jeneza, akisimama kaburini na kusema kwamba Mwamburi aliugua ghafla, akapelekwa hospitali, akafa marafiki wamemzunguka, na mimi Wakesho nimemshika mkono. Dada, sikumshika mkono. Hakufika hospitali. Mwamburi alikufa peke yake katika nyumba yake kule Buffalo, na siku kadhaa zikapita bila mtu kujua.

Unajua tulivyokuja huku, mimi na yeye, ndege moja, chuo kimoja pale Louisville. Watu wa kwetu walidhani tutaoana, na sisi tulicheka mpaka tukachoka kukanusha. Tulikuwa kama ndugu. Yeye akapata kazi Buffalo, mimi nikaja hapa Columbus. Kila karatasi ya huku inauliza, ukipatwa na jambo aambiwe nani? Mimi nilimwandika yeye, yeye akaniandika mimi. Ndiyo maana askari wa Buffalo alinipigia mimi.

Nilikuwa kazini Gahanna, kwenye ofisi ya madaktari wa meno ninakoshughulikia bima za wagonjwa. Nilitoka na koti mkononi nikaendesha gari mpaka Buffalo, ziwa likiwa upande wa kushoto muda mrefu, na sikumbuki kama niliwasha hata redio. Nilipofika, msimamizi wa jengo alinipokea nje. Alikuwa na kitambaa mkononi, akaniambia nisiingie mpaka wafungue madirisha yote. Sitaandika zaidi ya hapo. Nadhani sasa unaelewa kwa nini jeneza lilikuja limefungwa na Mwadime akakataa lifunguliwe hata mama mtu alipoomba. Daktari alisema ni moyo, na huenda hakuteseka. "Huenda" ndilo neno alilotumia.

Mwamburi alikuwa akifanyia kazi nyumbani, kwenye kompyuta. Mkubwa wake alidhani amechukua likizo akasahau kusema. Jirani wa chini alidhani amesafiri. Nilikwenda Grant Street, mahali alipokuwa akinunua unga na dagaa, kumtafuta mtu wa kusali naye. Mwenye duka ni Mrundi, mzee mpole. Nilipomwambia alivua kofia. "Dada, mimi nilidhani amehama," akasema. "Nilimwekea dagaa wake, nikaona haji, nikawauza." Akaanza kulia pale pale kwenye kaunta, wateja wakisubiri.

Nilirudi Columbus na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo. Ninaishi peke yangu hapa Northland. Nikitoka kazini Ijumaa, hakuna anayenitarajia mpaka Jumatatu. Sikukuu ya Shukrani ilikuwa inakuja, ofisi inafungwa siku nyingi mfululizo, na kila mtu anaingia kwake na familia yake anafunga mlango. Nililala nikiwaza: nikianguka bafuni siku hiyo, ni nani atakayedhani nimesafiri?

Mama yake Mwamburi naye akaanza kunipigia. Hakuniuliza mambo mengi. "Alisema nini mwishoni, mwanangu? Wewe uliyekuwepo." Nikamjibu, "Nitakuja Desemba, mama, nikueleze ana kwa ana." Alishukuru. Baada ya hapo kila nikifikiria kupanda ndege ya Nairobi niliona uso wake ukiningoja barazani kwenu, na mimi nina maneno mawili tu: uongo wa Mwadime au yale niliyoyaona kule Buffalo. Sikuweza, dada. Nikaambia ofisi nataka likizo yangu mapema, wakati wa Sikukuu ya Shukrani, na sikujua hata niende wapi.

Hapo akaingia Mama Furaha. Ni jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu, Mkongo wa Uvira mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, mjane, anaosha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Tulikuwa tukisalimiana tu na kubebeana mifuko. Siku hiyo alinikuta nimekaa kwenye ngazi na simu mkononi, ninaangalia safari za Ulaya, machozi yananitoka. Akaweka mifuko yake chini akakaa pembeni yangu.

"Unatafuta nini mu hiyo simu?"

"Mahali pa kwenda, Mama Furaha. Mahali pasipo na mtu anayenijua lakini pana watu."

Hakucheka. Alichukua simu akaitazama. Nilikuwa nimefungua safari ya meli kwenye mto mkubwa wa huko. Kila picha ilikuwa ya mume na mke wameshika glasi. "Hapana," akasema. "Hapa utakula ukiangalia migongo ya batu." Nikamwonyesha Paris. Nikamwambia msichana wa ofisini kwetu alikwenda peke yake, na hotelini wakawa wanamketisha karibu na choo kila jioni. Akaipitisha. Nikamwonyesha Vienna na masoko yake ya Krismasi, pazuri kweli, lakini giza linaingia mapema na mtu anazunguka mwenyewe kati ya taa. "Hiyo giza si tunayo hapa Morse Road? Donc utalipa ndege kwa sababu gani?"

Kisha akanipa ushauri ambao ndio nilioufuata; "fasi" kwao ni mahali. "Tafuta fasi ndogo. Fasi batu banakulaka ku meza moja. Mvua inyeshe, haina shida. Bon, na usichague fasi ya kubadilisha treni mara nyingi, kichwa yako iko na kazi."

Ndivyo nilivyochagua Porto. Si kwa sababu ya uzuri. Ni mji mdogo, treni inatoka uwanja wa ndege mpaka katikati ya mji, na mwisho wa Novemba wageni wamepungua, hakuna foleni. Nilipata nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, na chini ya picha wameandika kwamba asubuhi na jioni wageni wote hula pamoja na wenye nyumba, na atakaye hutembezwa mjini na mwenye nyumba mwenyewe.

Nikaanza kujaza maelezo yangu. Jina, pasi, kisha lile swali: ukipatwa na jambo, aambiwe nani? Vidole vikaanza kuandika Mwamburi vyenyewe. Nilifika herufi ya tatu.

Mama Furaha aliona nimesita. "Andika mie," akasema. "Hapana, andika na mtoto yangu, yeye anasikia Kizungu." Akamwita binti yake. Binti akajibu kwa Kiingereza kutoka ndani kwamba ni sawa, bila hata kuuliza ni jambo gani. Nikaandika majina yao mawili.

Mvua ya Porto, dada, hainyeshi kwa hasira. Inanyesha tu, kutwa nzima, juu ya vilima na mawe yanayoteleza. Mjini wanachoma njugu kubwa za kizungu kwenye mikokoteni, na moshi wake ukanifanya nikumbuke nyama za Mwatate siku ya soko. Nyumba ile inatunzwa na mama mmoja mnene aitwaye Graça na mumewe. Mezani tulikuwa mchanganyiko: wasichana wawili wa Kipolandi, mwalimu mmoja kutoka Brazili, mzee wa Kiskoti aitwaye Alan asiyesikia vizuri, na wengine. Kila mmoja alikuja peke yake au karibu peke yake. Siku mbili za kwanza nilikula, nikajibu nilipoulizwa, nikacheka mahali pa kucheka. Niliporudi chumbani bado nilifunga mlango, kisha nikaufungua tena kidogo, nisije nikafungiwa.

Asubuhi ya tatu tulikuwa tumeshaketi. Graça akaja na birika la kahawa, akaangalia meza, akauliza, "Alan yuko wapi?"

Mtu akasema huenda amelala. Mwingine akasema pengine ametoka matembezi. Graça hakumimina hata kikombe kimoja. Aliweka birika mezani, akapanda ngazi akiwa na taulo begani, tukamsikia anagonga. Akagonga tena kwa nguvu. Mimi nilishika ukingo wa meza. Mwalimu wa Brazili aliniuliza kama naumwa.

Kisha tukasikia sauti ya mzee inalalamika kwa Kiskoti, na Graça anamgombeza kwa Kireno. Alikuwa amelala, amevua kifaa chake cha masikio. Wakateremka wote wawili, mzee nywele zimesimama, na meza nzima ikapiga makofi.

Mimi nililia, dada. Nililia kwa sauti, na mate na kamasi, mbele ya watu nisiowajua. Graça alikaa karibu nami akaniuliza ni nani aliyekufa. Hakuuliza kama kuna aliyekufa. Nikawaeleza habari yote kwa Kiingereza changu, mpaka madirisha yaliyofunguliwa, mpaka dagaa waliouzwa. Yule mzee Alan hakusikia nusu yake lakini alishika mkono wangu mpaka mwisho. Wasichana wa Kipolandi waliacha kula. Nilipomaliza, Graça akaniuliza swali moja: "Na mama yake, anajua?"

Nikapanda chumbani nikampigia.

"Mama, ni Wakesho."

"Wakesho! Umefika?"

"Sijafika, mama. Niko mbali. Nataka kukuambia ukweli wa Mwamburi. Sikuwa naye." Nyuma yake nikasikia kuku wanalia. "Hapakuwa na mtu. Hakufika hospitali. Alikuwa nyumbani kwake, na sisi huku hatukujua mpaka siku zimepita. Sijui alisema nini, mama. Nisamehe."

"Najua," akasema.

Nilidhani hajanielewa. Nikaanza kurudia.

"Nimekusikia, mwanangu. Nasema nilijua. Kila Jumapili nikitoka kanisani alikuwa ananipigia. Jumapili ile hakupiga. Nikampigia mimi, ikaita mpaka ikakata. Jioni ikaita tena. Jumatatu haikuita kabisa. Mwadime akaja na maneno ya hospitali na marafiki. Nikajiuliza, watu wote hao wenye simu, amekosekana hata mmoja wa kunipigia mimi?"

"Na hukumwambia mtu yeyote, mama?"

"Nilitoka kwenda kwa dada yako anipe namba yako. Nilifika mpaka mlangoni. Nikawasikia wanacheka ndani, wanakula. Nikaona aibu. Mwanamume mzima, yuko Amerika, hajampigia mama yake siku moja tu, na mimi nazunguka nikigonga milango ya watu? Nikarudi."

Siandiki haya nikulaumu. Hukujua, na milango ya watu wanaokula haina kosa. Lakini nimekuwa nikiwaza kwamba mtu pekee duniani aliyejua Mwamburi ana shida alikuwa mama huyo, na alisimama hapo nje kwako, karibu na tangi la maji, akageuka.

Kabla hajakata simu akaniuliza, "Na wewe huko, unampigia nani?"

Nikasema, "Nampigia dada."

"Siku gani?"

Sikuwa na siku ya kumtajia. Naye akasema jiko linazima, akakata.

Nimerudi Columbus. Mama Furaha anafunga mizigo. Binti yake amepata kazi ya ghala kule Louisville na hataki mama abaki huku peke yake. Wanahama kabla ya Krismasi. Ameniachia sufuria kubwa na mti wa pilipili ulio kwenye kopo. Binti yake amesema, kwa Kiingereza, kwamba nisifute majina yao.

Nitakuja Aprili, Mungu akipenda, na safari hii usipake rangi chochote. Mwambie shemeji asimgombeze Mwadime; alitaka kumpunguzia mama yule maumivu, na hata mimi nilikaribia kufanya vilevile. Mpe shangazi pole ya macho yake. Wabusu watoto, hasa kitindamimba wako, mwambie njugu za Porto ni chungu nje na tamu ndani, nilimwekea chache zikaota ukungu. Mchungaji umwambie nimepata ujumbe wake wa pole.

Mama yake Mwamburi usimpelekee salamu zangu. Jumapili akitoka kanisani nitampigia mwenyewe, na nikimaliza kwake nitakupigia wewe. Nisipopiga, dada, usione aibu.

Mdogo wako,
Wakesho