Mkanda wa Saa Saba

Shangazi,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia na pini mdomoni, halafu uniulize mbona nimenuna. Nimenuna kwa sababu yako.

Miaka yote pale Mabatini, saa saba ikifika ulichomoa mkanda wa cherehani kwenye gurudumu, ukatandika mkeka, wateja wamesimama mlangoni. Nikikuambia wanahamia kwa jirani, unanipa somo: "Pumzika imezaliwa na pumzi, mwanangu. Siyo usingizi wala uvivu. Ni kushusha pumzi mpaka ifike chini. Isipofika, umekaa tu."

Ulipofariki nikaufuta huo mchezo. Mimi ni mtu wa hesabu: saa moja kila siku, cherehani nne, faida ipo. Kumbe! Tangu hapo kila jioni nafumua mishono iliyokosewa. Saa niliyoiokoa mchana inaishia kwenye wembe. Ijumaa Neema, fundi wako kipenzi, kachukua mkoba wake: "Dada, mimi siyo cherehani. Na hata cherehani ilikuwa inatolewa mkanda." Akaondoka, akaniacha nimeshika shati la shule la mtoto wa watu lenye mikono miwili ya kushoto.

Jumapili nikaja kaburini Usagara kukushtakia. Nakuta Kaka Shija ameandikisha msalabani: Pumzika kwa amani. Nikasonya. Kwa somo lako mwenyewe neno hilo linataka pumzi, na wewe pumzi umetuachia sisi. Sasa unaambiwaje upumzike? Nikatoa simu nimgombeze kaka. Sikupiga. Nilikaa kwenye udongo, na kile kifua kilichokaza tangu tukuzike kikaachia. Pumzi moja ndefu, Shangazi. Ikafika chini. Machozi yakafuata, nikakasirika upya.

Leo asubuhi nimempitia Neema kwao Mkuyuni. Hata mlango hakufungua, kaniuliza dirishani: "Na mkanda?"

"Utatoka."

Umetoka. Saa saba kamili, mikanda yote minne, na mkeka wako ule ule uliochakaa. Mteja kafoka mlangoni, nikamwambia arudi saa nane. Kaenda kwa jirani, kama nilivyokuambia siku zote. Aende.

Kwa hiyo mimi sitakuambia upumzike. Nitapumzika mimi, kila saa saba, maadamu pumzi ninayo. Kwaheri, Shangazi. Na usinicheke.

Wako,
Kabula