Hina Juu ya Doa

Ijumaa, 9 Januari

Nimerudi kutoka kisiwa cha Ndau saa tisa. Taarifa ya birika la maji la kijiji lililopasuka imekamilika: watatu wamehojiwa, mmoja amekanusha. Imetumwa gazetini kabla ya magharibi.

Kisha kazi yangu ya kila Ijumaa. Mguu wa kushoto juu ya kiti, kioo chini, rula kando, picha kwa simu. Doa liko kwenye wayo, upande wa ndani wa kisigino. Leo upana wake milimita saba. Mwezi wa kumi na moja lilikuwa tano. Zamani lilikuwa na rangi moja. Sasa upande mmoja ni kahawia, wa pili mweusi wa wino, na ukingo unaoelekea vidole umechimbikachimbika kama ufuo kwenye ramani.

Limekuwepo tangu nipate akili. Haliumi. Hilo ndilo lililonichelewesha. Kazini nimezoea kufuata kinacholalamika.

Miezi miwili ya kupima inatosha. Jumatatu naenda hospitali.

Nyumbani hakuna anayejua. Dada yangu Maimuna anamwoza bintiye Nuru wiki ijayo. Sitaki kuwa habari ya harusi.

Jumatatu, 12 Januari

Daktari Mutua, wa upasuaji. Mtu wa bara, mwaka wake wa pili hapa Lamu, na bado akipita vichochoroni hujibana ukutani kila asikiapo punda. Alilitazama doa kwa lenzi yenye taa, kwa muda mrefu. Hakusema "usijali". Nilimheshimu kwa hilo.

Majibu yake nayaandika leo, nisije nikayageuza kichwani.

Ni saratani? Hajui. Jicho halitoshi, maabara ndiyo itakayosema. Atafanya nini? Sindano ya ganzi, kisha atalikata doa lote pamoja na ukanda mwembamba wa ngozi safi kulizunguka, na kushona. Nusu saa. Kipande kitapelekwa Mombasa. Kwa nini asilichome tu? Kwa sababu kilichochomwa hakisomeki. Maumivu? Sindano ya wayo inauma kuliko ya mahali pengi. Baada yake nitahisi kuvutwavutwa. Kutembea? Siku mbili za kukaa, wiki mbili za kutokanyagia kisigino.

Na jambo ambalo sikulijua: kwa watu wenye ngozi kama yetu, doa baya hupenda mahali ambapo mtu hapatazami. Wayo, kiganja, chini ya kucha.

Alinipa Alhamisi hii, tarehe 15. Lakini hina ni Jumatano na nikaha ni Ijumaa. Nikaomba 22. Alinitazama.

"Wiki moja si mbaya, mama," akasema. "Lakini iwe moja."

Jumatano, 14 Januari

Siku ya hina. Ghorofani kwa Maimuna, mtaa wa Mkomani, wanawake wamejaa hadi kwenye ngazi. Maimuna mwenyewe ndiye mpakaji. Mji mzima unaujua mkono wake. Nilikusudia kukaa pembeni, nile biriani, niondoke.

"Ndoo, tia guu," akaniita mbele ya wote, nije nitoe mguu nipakwe.

Nikasema kesho nina kazi.

"Kazi ya maguu? Kwani u edani? Nani amekufilia nasi hatuna habari? Na wewe mwandishi ndiwe wa kutwambia!"

Wakacheka. Shangazi wa bwana harusi akainua shingo kunitazama vizuri.

Mimi ni mjane wa miaka tisa, eda yangu iliisha zamani. Mtu kama mimi akikataa hina ya mtoto wa nduguye, mji huu una maelezo mawili tu: amefiwa, au harusi haimpendezi. Maelezo ya tatu ningeweza kuyatoa mwenyewe. Sikuyatoa.

Nikatia miguu yote miwili. Nyayo nzima, hadi juu ya kisigino, kama tunavyopakwa watu wazima. Maimuna analijua doa langu tangu tulipokuwa tukioga pamoja uani. Hakuliona, kwa sababu alikuwa akizungumza na watu watano. Mimi nilijiambia rangi ni rangi. Doa liko chini yake, haliendi popote.

Jumamosi, 17 Januari

Nuru ameolewa. Alilia kidogo, akacheka sana.

Hina yangu imeiva vizuri, nyekundu inayokaribia weusi. Watu wameisifu.

Jana niliinua mguu kwa mazoea, rula mkononi. Kisigino kizima rangi moja. Nikaushusha.

Alhamisi, 22 Januari

Nilifika saa mbili kasoro robo. Nilikuwa nimeshalala kitandani, shuka limetandikwa chini ya mguu, Daktari Mutua amevaa glavu. Akauinua mguu.

"Mama, hii ni nini?"

"Hina."

"Itatoka lini?"

Aliyejibu ni muuguzi, mama wa hapa Lamu. "Ya wayo, daktari? Na iliyoiva hivi? Huo ni mwezi."

Daktari alileta lenzi. Akawasha taa ya pili. Kivuli cha doa anakiona, ukingo wake haupo. Nikampa simu yenye picha zangu zote, kila moja na rula yake na tarehe yake. Akazitazama moja moja. Akasema ni nzuri kuliko faili nyingi anazoletewa. Nikamwambia basi akate kwa kufuata picha.

"Siwezi kukata nisichokiona. Nikiacha kipande, itabidi nikukate tena, na ngozi ya kisigino si ya kuchezewa mara mbili."

Nikabisha. Nimebishana na makamishna na makamanda wa polisi, najua kubisha. Hakusogea. Nilimchukia na kumwamini kwa pamoja.

Masharti: nisisugue kwa jiwe, nisitie ndimu, nisitie dawa yoyote ya kuondoa rangi. Ngozi ikichubuka, maabara itasoma mchubuko. Nirudi kila Alhamisi hadi ukingo uonekane.

Kosa ni langu, na naliandika lote. Nilikuwa na ukweli nikaukalia, kwa kuogopa aibu ya dakika tano. Nimewaandika wengi gazetini kwa chini ya hapo.

Ijumaa, 23 Januari

Naogopa.

Nimemwambia Maimuna. Alikuwa akikunja nguo za harusi. Kwanza alikasirika.

"Wakaa na jambo kama hili, nami nakupaka kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe kimya!"

Kisha akaketi. Akauweka mguu wangu mapajani mwake, akauelekeza dirishani, akautazama kama hajapata kuuona.

"Niliitia mimi," akasema. "Nitaitoa mimi."

Nikamsomea masharti ya daktari. Akataka nisome tena.

Jumapili, 25 Januari

Utaratibu wa Maimuna. Asubuhi na jioni, beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu saa. Kisha mafuta ya nazi. Kisha kitambaa laini, pole pole, kuzunguka doa bila kuligusa. Hina hukaa kwenye ngozi iliyokufa, anasema. Ikilainika itatoka yenyewe.

Anakuja hata mvua ikinyesha. Hataki nijiinamie kufanya mwenyewe.

"Hina njema haitoki," amelalamika leo. "Laiti ningekuwa mpakaji mbovu."

Tumecheka. Mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Alhamisi, 29 Januari

Hospitali. Bado. Ukingo wa upande wa nyuma unaonekana. Wa upande wa vidole, ule uliochimbika, hauonekani. Nimerudi nyumbani nikatia maji kwenye beseni kabla ya kuvua buibui.

Mhariri amepiga simu kutoka Mombasa. Anataka niende Kiunga siku nne, wavuvi na mipaka ya hifadhi ya bahari. Nimekataa. Miaka ishirini na sita sijawahi kukataa safari. Hakuuliza sababu, nami nikampa hata hivyo: nina doa, lazima likatwe, huenda ni baya. Imechukua sekunde kumi kusema. Akaniambia nipumzike.

Sitaki kupumzika. Nataka kukatwa.

Jumanne, 3 Februari

Nimeandika wasia. Ukurasa mmoja. Mtu mzima anapaswa kuwa nao, doa au bila doa. Kamera ni ya Nuru.

Alhamisi, 5 Februari

Ukingo umeonekana. Mviringo wote, hata upande wa vidole. Daktari Mutua alipitisha lenzi mara tatu, akalinganisha na picha zangu, akachora kwa kalamu ya zambarau. Milimita nane sasa.

Sindano tatu za ganzi. Ya kwanza ilikuwa mbaya, kama kukanyaga mwiba wa samaki na kuendelea kuukanyaga. Nilimshika Maimuna mkono. Ya pili nusu yake. Ya tatu sikuihesabu. Baada ya hapo mguu ukawa wa mtu mwingine. Nilisikia mkasi. Nilisikia ngozi ikivutwa bila kuuma, jambo la ajabu kuliko maumivu. Dakika ishirini na tano, nyuzi sita.

Nikaomba kukiona. Kipande chenye umbo la jicho, kidogo kuliko tende. Amekitia uzi upande mmoja ili maabara wajue upi ulielekea vidole. Akakitumbukiza kwenye chupa ya dawa. Nilisoma lebo kabla haijafungwa. Jina sahihi, mguu sahihi, tarehe sahihi.

Nimerudi nyumbani kwa punda wa Bwana Shee, mguu wenye bandeji ukining'inia, Maimuna nyuma ameshika ndara yangu.

"Bi Zaina!" Bwana Shee alipaza sauti mtaa wote usikie. "Yeo habari ni wewe!"

Nikamwambia kama leo habari ni mimi, basi aandike jina langu vizuri.

Ijumaa, 6 Februari

Ganzi iliisha jana alasiri. Maumivu ya kadiri, kama mpigo wa moyo ulioshuka kisiginoni. Vidonge viwili. Mguu juu ya mto.

Bandeji isilowe. Kwa udhu napitisha kiganja chenye maji juu yake, basi. Nalijua hilo, lakini Maimuna amekwenda kumuuliza imamu. Nimemwambia angefaa kazi yangu, anatafuta chanzo cha pili.

Nimeswali nimekaa.

Jumamosi, 14 Februari

Majibu hayajaja. Nimepiga simu hospitali mara mbili wiki hii.

Naichukia sentensi hiyo ya kwanza. Mimi mwenyewe nimemwambia mhariri maneno hayo mara nyingi, sikujua yanasikika hivi.

Alhamisi, 19 Februari

Nyuzi zimetolewa. Kuchomachoma kidogo, si kitu. Kovu limenyooka, sentimita mbili na nusu, la waridi. Natembea kwa kukanyagia mbele ya mguu kama mtu anayevizia. Ramadhani imeanza leo, saumu haijanitatiza.

Majibu bado.

Jumanne, 3 Machi

Simu saa tatu asubuhi. Daktari Mutua mwenyewe. "Majibu yamefika, mama. Njoo tuyasome." Sauti haikutoa kitu. Nilijaribu kuisoma njia nzima na sikuweza.

Maimuna alinifuata bila kuulizwa.

Daktari alinipa karatasi mkononi, nikasoma mwenyewe, kisha akanieleza. Seli zilikuwa zimeanza kubadilika. Bado si saratani. Kingo zote safi.

Nikamuuliza "bado" ina maana gani. Akasema doa lile lingeweza kukaa hivyo miaka, au lingeweza kuendelea. Hakuna anayejua, na sasa si lazima mtu ajue.

Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa ripoti. Upande wa vidole, ukanda wa ngozi safi ulikuwa mwembamba kuliko kwingine kote: milimita moja. Ndio ule ukingo uliochelewa kutoka kwenye hina.

"Ningekufuata siku ile nikakata kwa picha," akasema, "huo ndio ningeuacha ndani."

Maimuna alisema al-hamdulillahi, akajifunika uso kwa mtandio, akakaa hivyo. Mimi nilikunja karatasi mara mbili.

Nirudi baada ya miezi sita. Nyumbani nijitazame kila mwezi, nyayo, viganja, kucha. Nilimwambia daktari nitajitazama kila Ijumaa. Akasema kila mwezi inatosha. Nikamwambia naelewa, na itakuwa Ijumaa.

Alhamisi, 19 Machi

Idi kesho au keshokutwa, mwezi utasema.

Nimekwenda kwa Maimuna alasiri. Wanawake wachache, majirani. Sikungoja kuitwa. Nilikaa, nikatia mguu.

Alianza na wa kulia. Alipofika kwenye wa kushoto alisogea dirishani, akapitisha kidole gumba juu ya kovu, akaangalia baina ya vidole, kucha moja moja. Akapaka kuanzia mbele kuja nyuma. Alipokaribia kovu akapunguza mkono, akalizunguka. Ameacha duara tupu, upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Ngozi yangu, rangi yake.

Jirani akainama kutazama. "Na hapo umepasahau, Maimuna."

"Sikupasahau," akasema, akachovya kijiti tena.

Rula iko kwenye droo ya juu. Kesho ni Ijumaa.